Mlango wa Shangazi kule Plymouth

Verlene, nimechoka mpaka viatu sijavua.

Si Shangazi Ionie karudi kutoka Uingereza? Kang'ang'ania nimpeleke kwao Plymouth, hii ya hapa kisiwani kwetu. Nikamwambia volkano imeuzika ule mji, haishi hata paka. "Ndio mji mkuu wetu mpaka leo," ananijibu!

Polisi akatusindikiza, maana kule hakuingiwi hivihivi. Tukasimama juu ya majivu, usawa wa dirisha la ghorofani la nyumba yao.

"Mlango uko wapi?"

"Umeukanyaga, Shangazi."

Umeukanyaga! Mdomo wangu huu!

Akaanza kusuguasugua miguu pale dirishani. Nikamfokea mbele ya polisi, "Unafanya nini sasa?"

"Napangusa viatu. Bibi yako hapendi mtu aingie na vumbi."

Ndani majivu mpaka magotini, Verlene.

Nikapangusa na vyangu.