Nani Aliyechoma Nyumba ya Habonimana

Uvira, Mulongwe, 14 Septemba 2025

Dada yangu Pudentienne,

Nakusalimu wewe na Mama. Natumaini mguu wake umepata nafuu na ndege hawajaumaliza mpunga wenu. Mimi ni mzima. Umeme wa Mulongwe ndio mgonjwa: huja kama mgeni asiye na adabu, bila taarifa, na kuondoka kabla ya chakula.

Michoro yako imefika. Nyumba zote za mtaa wetu wa Bwegera zimo, na yeyote aliyezaliwa hapo atazitambua. Ila nyuma ya karatasi umeandika, "Hizi zisivunjwe." Hapo, dada, ndipo ulipoanza kuniudhi.

Unajua ninachotengeneza: mchezo wa simu ambamo mchezaji anachagua kuwa shujaa au mganga, kisha anaingia katika ufalme wa kubuni kupambana na majoka. Nilicheza mingi ya aina hiyo nilipokuwa chuoni, na karibu yote ina upuuzi uleule. Mganga anarusha moto unaoua joka kubwa kuliko lori, lakini moto huohuo ukigusa paa la nyasi, paa halibadiliki hata rangi. Shujaa aliyewashinda wafalme watatu anazuiwa na kijimlango cha mbao kwa sababu hana ufunguo. Dunia kama hiyo ni pazia lililochorwa. Nguvu isiyoacha alama si nguvu, na mahali ambapo hakuna kinachovunjika, hakuna mtu anayewajibika kwa lolote. Katika mchezo wetu mitungi itapasuka, madaraja yatakatika, nyumba zitaungua, na kilichovunjika kitabaki kimevunjika hadi mwisho.

Kwa hiyo nahitaji kila nyumba mara mbili: ikiwa nzima na ikiwa imeungua. Majaji wa tamasha la michezo ya simu la Bujumbura wataupokea mchezo mwezi wa Desemba. Bila mkono wako sina mchezo, nina hoja tu. Motari atakuletea kwa pikipiki yake kadi ya kumbukumbu ya simu yenye toleo la majaribio. Humo nyumba zilizoungua nimezipaka weusi mwenyewe, vibaya sana, kama utakavyoona.

Mdogo wako,
Libérat

*

Bwegera, 2 Oktoba 2025

Mdogo wangu Libérat,

Amani kwako. Mama iko muzima, mguu unamusumbua asubuhi tu. Minye pia niko muzima, ila umenichosha.

Kadi ilifika Jumapili, watu wakitoka misa. Weye unajua walivyosimama mbele ya milango yao na nguo nzuri ili niwachoree nyumba. Basi wote walikuja kuziona. Capitoline alipoona jiko lake ndani ya simu alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaomba acheze yeye. Akawa mganga. Joka likatokea karibu na kisima, akalirushia moto, akalikosa. Nyumba ya Habonimana ikashika. Ya Capitoline, iliyo pembeni yake, ikabaki safi.

Habonimana aliangalia weusi wako ule mpaka mwisho. Halafu akasema polepole, "Capitoline, tumekosana nini?"

Capitoline akamujibu kwamba alilenga joka. Yeye akasema, "Joka halikurusha kitu. Nimeona mukono wako."

Tangu siku hiyo hawasalimiani. Wazee walikaa uwanjani kwetu, wakaniuliza ni nani aliyepanga nyumba ipi iungue na ipi ibaki. Nikawaeleza kwamba hakuna aliyepanga, ni bahati tu. Hakuna hata mmoja aliyeniamini, na sikuwalaumu. Hapa nyumba haiungui kwa bahati. Kila iliyoungua, watu wanajua ni nani aliyefika na moto, hata kama hawasemi.

Wakaamua kwamba mwenye moto ni weye. Mama amekwisha kupeleka urwarwa, ile pombe yetu ya ndizi, kwa Habonimana kwa jina lako, na wamekunywa pamoja kama inavyotakiwa. Imebaki neno lako mwenyewe. Andika umuombe radhi. Kisha uondoe moto.

Dada yako,
Pudentienne

*

Uvira, 15 Oktoba 2025

Dada,

Salamu kwako na kwa Mama. Mwambie namshukuru kwa pombe aliyoipeleka, ingawa sikumtuma.

Nimeisoma barua yako nikiwa nimekaa, nikaisoma tena nikiwa nimesimama, na haikubadilika. Natakiwa kuomba radhi kwa kuungua kwa nyumba isiyokuwepo, ya mtu ambaye nyumba yake ipo, iliyochomwa na jirani aliyekuwa akilenga mnyama asiyewahi kuzaliwa. Nina lisansi ya chuo kikuu, Pudentienne. Nilitetea kazi yangu mbele ya maprofesa watatu, na hakuna aliyeniuliza swali gumu kama la Habonimana, wala la kijinga kama hilo.

Tena wazee wamenisaidia bila kujua. Katika michezo mingine Capitoline angerusha moto mchana kutwa na hakuna ambaye angemuuliza chochote. Katika mchezo wangu aliulizwa papo hapo. Je, hicho sicho nilichokuwa nikikieleza? Watu walitazama kitendo, wakatazama matokeo yake, wakamtafuta mhusika. Unataka niufute ushahidi bora kabisa wa hoja yangu kwa sababu umewaudhi majirani?

Na hili nalisema kwa heshima: unajua kuliko mimi kwamba nyumba huungua. Wewe ndiye uliyenibeba mgongoni tulipokimbilia Runingu nikiwa mtoto. Mchezo ambamo nyumba hazishiki moto umetungwa na watu ambao hawajawahi kukimbia. Kwa nini sisi tuwaige?

Sitaomba radhi. Nasubiri michoro.

Mdogo wako,
Libérat

*

Bwegera, 6 Novemba 2025

Libérat,

Mama anakusalimu. Anakohoa kidogo.

Umeandika vizuri, ulisoma vizuri. Ungekuwa karibu ningekupiga kofi moja, kisha tungekula.

Nilijaribu. Nilichukua kiti na karatasi, nikakaa mbele ya kwa Habonimana niichore imeungua kama ulivyotaka. Akatoka. Alidhani naichora upya kwa uzuri, akarudi ndani kuvaa shati. Akasimama mlangoni na shati lake, ananingojea. Weye uliyesoma, niambie ningeanzia wapi kuweka moshi.

Watu wa Luberizi wameanza kupita hapa na magodoro kichwani. Usiniandikie tena habari za moto. Siku utakapouondoa, niandikie.

Dada yako

*

Uvira, 20 Desemba 2025

Dada yangu Pudentienne,

Sijui nikusalimie ukiwa wapi. Vita vimeshuka bonde lote, vimefika hadi kwetu Mulongwe, na simu yako haiiti. Niliambiwa kwamba watu wa Bwegera wamevuka mto Ruzizi. Mwingine aliniambia kwamba wengine hawakuvuka. Nilimwuliza ni akina nani, akaniambia hajui, na nikamkasirikia bila haki yoyote.

Nimeondoa moto. Nimeondoa na mitungi inayopasuka na madaraja yanayokatika. Mchezaji anaweza sasa kuupiga ufalme mzima kwa shoka na asiache hata mkwaruzo. Ni kichekesho. Ni kila kitu nilichokuwa nikikidharau, na kimeandikwa kwa mkono wangu.

Usidhani umenishinda kwa hoja, maana hujanishinda. Nataka unijibu tu. Mwambie Habonimana, kama uko naye, kwamba namwomba radhi. Kadi naituma kwa mama mmoja mfanyabiashara anayejua njia za kambi za ng'ambo. Tamasha sijui kama lipo, na sijauliza.

Mdogo wako,
Libérat

*

Kambini, ng'ambo ya Ruzizi, 25 Januari 2026

Mdogo wangu Libérat,

Amani kwako. Mama iko hai. Tulivuka maji yakiwa kifuani, minye nikamushika mukono huku, Habonimana akamushika kule. Anakohoa sana lakini anakula. Nisamehe kimya changu. Simu ilikunywa maji, na hii ninayotumia ni ya Capitoline.

Kadi yako imefika. Jioni watu wanakuja kwenye hema letu kutembea Bwegera. Majoka hawayatafuti. Mmoja anashika simu, anakwenda mpaka mlangoni kwake, anasimama, kisha anampa mwenzake. Capitoline anazunguka jiko lake tu.

Habonimana hakuwa hapa kadi ilipofika. Alirudi ng'ambo kwa miguu kuona, ingawa tulimukataza. Jiko la Capitoline limesimama. Nyumba ya Habonimana mwenyewe imeungua. Kuta mbili zimebaki. Alipofika tukampa simu aifurahie ile nzima. Aliiangalia, akanirudishia.

"Hii si yangu," akasema. "Yangu imeungua. Mwambie Libérat aichome."

Nikamukumbusha kelele zote alizotupigia. Akajibu kwamba wakati ule ilikuwa nzima, na mtu ana haki ya kulilia nyumba yake ikiwa nzima. Sasa ukimuonyesha paa, unamudanganya kama mutoto. Kisha akasema neno ambalo ninakuandikia kama lilivyo: "Akishaichoma, aniwekee namna ya kuijenga. Mchezo wake una mukono wa kuchoma, hauna mwingine."

Nimeichora imeungua. Alikaa karibu nami, ananionyesha ukuta uliobaki na ulioanguka. Mchoro umo ndani ya bahasha. Ninajua nilikukataza. Sasa ninakuagiza.

Dada yako,
Pudentienne

*

Uvira, 11 Februari 2026

Dada yangu Pudentienne,

Nakusalimu, namsalimu Mama, namsalimu na kikohozi chake ambacho kinaondoka, sitaki kusikia habari nyingine. Uvira tunaishi. Umeme umekata tamaa kabisa, nachaji mashine kwa jirani mwenye sola.

Mnanichosha, nyinyi wote. Nilijenga mchezo unaoungua, mkanishtaki. Nikaubomoa, nikaandika usioungua, mmoja wenu anautupa. Moto nimeurudisha. Nyumba yake imeungua sasa kwa mchoro wako, na sitaki kuutazama tena zaidi ya kazi inavyonilazimu.

Lakini kujenga, dada. Kuchoma kulinitaka kanuni moja fupi: paa likiguswa, nyumba inabadilika. Kujenga hakuna mwisho. Udongo unatoka wapi? Nani analeta maji? Mtu mmoja atainuaje mti wa kati peke yake? Lazima majirani waje, na jirani aliyechoma, je, anaruhusiwa kuja? Akija, mwenye nyumba anampokea au anamgeuzia mgongo? Hakuna mchezo niliowahi kuucheza ambao ulijiuliza hivyo, na sasa naelewa kwa nini: waliotunga walikuwa wavivu, au walikuwa na akili.

Nimefikisha kuta mbili. Ya tatu inaanguka kila mara na sijui kosa liko wapi. Usimwambie.

Muulize jambo moja tu, nami sitagusa chochote kabla hajajibu. Katika ufalme huu ardhi ni tele na si mali ya mtu. Anaweza kupata kiwanja juu mlimani, au kando ya ziwa, mbali na barabara na mbali na kila anayepita barabarani. Anataka huko, au anataka palepale ilipoungua?

Mdogo wako,
Libérat