Somo la Muthokoi

Mwaitu, mama yangu,

Jumatatu asubuhi Memsahibu, mkuu wa shule, alitutangazia walimu kwamba kuanzia muhula ujao wasichana wa madarasa ya juu watafundishwa kutwanga mahindi wapate muthokoi, punje nzima zilizotolewa maganda. Kinu kimeshaletwa kutoka Kasikeu. Kimewekwa kando ya jiko la chuma, palipokuwa na meza ya kupigia pasi. Mwalimu wa somo hilo ni mimi.

Nilijibu, "Ndiyo, Memsahibu." Sikumwambia kwamba sijui.

Nilipoingia shule hii nikiwa mwanafunzi, mapishi yalikuwa keki, mkate wa ngano na kutandika kitambaa cheupe mezani. Mahindi hayakuwa somo. Kisha ukaja mwaka wa nzige, unga wa ngano ukakosekana, na wazazi wakaanza kuuliza binti zao wanafundishwa kumlisha nani. Swali lao limechukua miaka kusikika.

Unakumbuka likizo ile uliponipa mchi. Nikapima maji kwa kikombe kama nilivyofundishwa, nikayamwaga yote mara moja. Mahindi yakapondeka. Ulichungulia ukasema, "Huu ni uji, mwanangu. Waite Wazungu wako waje wanywe." Ukacheka mpaka ukakaa chini. Kesho yake ulitaka kunionyesha namna ya kunyunyiza kwa vidole. Nilisema nina vitabu vya kusoma. Sikuwa na kitabu chochote, Mwaitu.

Anayetwanga kama wewe amebaki mmoja, mke mdogo wa Baba. Tangu nibatizwe sikuwahi kuingia kwake. Tuliambiwa mke wa pili si mke, nami nikalishika hilo kuliko walionifundisha. Hata siku ya mazishi yako nilimpita bila salamu. Wewe ulikula naye chungu kimoja miaka yote.

Jana nilikwenda. Nilisimama nje nikamwita Mama. Akasema, "Leo ndiyo unaniita hivyo? Keki zimeisha huko?" Nikamweleza shida yangu. Akanishika viganja, akavigeuza, akaguna. "Mama yako aliniambia utakuja. Alidhani utakuja mapema."

Pumzika, Mwaitu. Jumamosi naanza kujifunza kwake. Somo la kwanza shuleni ni Jumanne ya kwanza ya muhula. Nimemwomba aje akae karibu na kinu, amekubali, na nitamwita Mama mbele ya Memsahibu.

Mwanao