Wiki Mbili Nilizomwomba Baba

Kwako dada Somoe,

Asalaam aleykum. Mgongo wako vipi? Na mama, anakula? Nikimuuliza hali yake ananijibu "tupo" tu. Mimi huku chuoni mwili mzima. Barua hii namkabidhi mwenzetu anayekuja Naliendele kwenye utafiti wa korosho, atakuletea hapo Ufukoni.

Uliniuliza ni kazi gani hiyo isiyoweza kusubiri. Napima joto. Tunachukua utando wa kaboni wenye unene wa atomu moja, tunaupoza kwa baridi ambayo kiasili haipatikani popote duniani, kisha tunauweka kwenye sumaku kali. Hapo umeme haupiti katikati, unapita kingoni tu. Ila umeme hausemi yote. Kuna vitu vinavyopita kingoni vimebeba joto tu, bila umeme, na ukitaka kuvijua lazima upime hilo joto. Kuupoza huchukua siku nyingi, na ukiukatiza unaweza kuharibika.

Baba alipozidiwa, utando wangu ulikuwa umeshapoa. Ulimwekea simu sikioni, akasema, "Selemani, njoo, baba."

Nikamwambia, "Nipe wiki mbili tu."

"Haya," akajibu. Siku ya tisa ukanipigia wewe.

Nikabaki na vipimo vyangu. Vilikuwa vizuri mno, nikajifariji navyo. Mwezi uliopita nikavirudia kwa joto la juu kidogo, namba zote zikayumba. Kumbe joto nililodhani linapita kingoni lote, jingine lilikuwa linazama chini, kwenye kitako kilichobeba utando. Hilo hupimwa kwanza kabla ya kitu chochote. Mimi kwa haraka zangu niliruka. Kazi yote imetupwa.

Lakini si hilo lililonikalisha kuandika. Niliwaambia chuo kimeninyima ruhusa. Nilidanganya, dada. Mwalimu wangu aliniambia, "Nenda, mashine haikimbii." Tiketi walitaka kunikatia wao. Nilikataa mwenyewe. Mama mpaka leo anawaapiza watu wa chuo, nami nipo kwenye simu namsikiliza tu. Naona aibu hata kujiangalia.

Nisalimie shemeji, aliyeshuka kaburini badala yangu, na mama mdogo anayekaa na mama katika eda yake. Wanao wabusu.

Mama hajui kusoma. Msomee barua hii yote, usiruke mahali. Akisema nisirudi, niambie hivyo hivyo alivyosema.

Mdogo wako,
Selemani