Mkono wa Mkwe

Dada Night, acha hicho unachopika hapo Mpumudde usome. Mimi nimekwisha.

Unamjua baba mkwe, Afande Yekosofati wa magereza. Tangu Arnold anioe, sijawahi kukaa naye chumba kimoja. Mwiko ni mwiko: mke wa mwana hamgusi mkwe. Yeye akipita mbele ya nyumba, mimi napita nyuma.

Leo ameanguka. Arnold bado yuko njiani kutoka Jinja, kwa hiyo niko naye mimi hapa hospitali, Mbale. Nesi akasema, "Hana fahamu. Mpanguse uso."

Nikawaza: kama hana fahamu, basi hayupo. Na kama hayupo, huyu si mkwe.

Nikampangusa. Night, nilimpangusa uso! Nikamshika na mkono!

Akafungua macho.

Nilitamani kuingia chini ya kitanda. Akasema kwa kile Kiswahili chake cha kambini: "Mimi ilikuwa hapa. Jina yangu ilipotea, sikujua hata mimi nani. Lakini mkono nilisikia. Haikuwa ya mtu. Mkono tu. Ilikuwa mzuri."



Akanitazama tena, akageukia ukutani.

"Sasa toka mbio, mama. Nimeanza kujua wewe nani."