Kurudi Nyuma Ninakosema Mimi

Jumatatu, Kikima. Ukungu haujatoka tangu asubuhi, nepi hazikauki, na mimi nimekasirika.

Nimekasirika sana.

Wiki jana mama mmoja kwenye grupu ya akina mama wa kanisa aliuliza: mtu afanye nini mtoto akimlalia kifuani saa nzima na yeye mama hawezi kusimama? Nikajibu vile najua. Nikamwambia ajaribu zile gemu za simu za kuruka na kuzurura, zile unapewa ramani tupu na kamtu kadogo kenye hakajui kitu. Unafika kwa ukuta mrefu, unaruka, unaanguka. Unaenda kwingine, unapata glavu za kushika mawe, ama unajifunza kuruka mara ya pili ukiwa bado hewani. Halafu unaurudia ule ukuta. Nikamalizia hivi: "Utamu wote uko kwa kurudi nyuma."

Hapo ndipo nilikosea, kama ni kukosea.

Maana kanisani kwetu, kurudi nyuma ni kuacha wokovu.

Jana baada ya ibada Mama Mutheu, mwenyekiti wetu, alinishika mkono karibu na tangi la maji. "Mama Mwende, tumeona ile kitu uliandika. Darasa la watoto utapumzika kidogo. Tunakuombea."

Nikamwambia ni gemu tu, mama.

"Aai! Na bado anajitetea!"

Wenzake wakacheka. Yule aliyeuliza swali alikuwa anaangalia viatu vyake.

Kuombewa sikatai. Lakini kuombewa kwa sababu mtu alisoma mstari mmoja akaruka mingine yote?

Na wamenigusa pabaya. Hilo darasa ndilo mahali pekee kwa wiki nzima naitwa mwalimu, si mama wa mtu.

Tangu nijifungue kila mtu ananiambia jikaze, songa mbele. Ni hizo gemu tu ziliniambia ukishindwa leo ondoka, utarudi ukiwa na kitu mkononi. Nililia siku niliyoelewa hivyo. Si uongo.

Kwa hivyo nasema tena hapa, kwenye blogu yangu isiyo na mwenyekiti: chezeni. Chagua yenye sehemu za kuhifadhi mchezo ziko karibu karibu, kwa sababu mtoto akilia hangoji. Chagua yenye ramani inakuwekea alama pale uliposhindwa, na isiyokula bando. Zile za madude ya kutisha, achana nazo ukinyonyesha. Mimi nilishtuka, Mwende akaniuma.

Jumapili nitafika mapema, kabla watoto waingie. Sitagombana. Nitampa Mama Mutheu simu mkononi, pale kwa ukuta wa kwanza kabisa, aruke mwenyewe mbele ya wenzake.

Ataanguka. Wote huanguka.

Na mimi nitamwambia kwa upole: mama, rudi nyuma.