Mtani Niliyempiga Siku ya Maziko

Rahaleo,
Mtwara.
17 Novemba, 1974

Mpendwa Kaka Mohamedi,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Tanga, wewe na shemeji Zainabu na watoto, na kwamba vumbi la mkonge limekiacha kifua chako kipumzike. Sisi huku tupo. Siwezi kuandika kwamba hatujambo, maana mama hajambo nusu nusu. Homa imemwachia lakini miguu imevimba, na uji anakunywa vijiko vitatu tu, anageukia ukutani.

Barua yako niliipata kabla ya Idi. Yale maneno ya utani uliyotaka nimsomee mtani wetu Hamisi, kwamba alipoteleza kwenye udongo wa kaburi la baba ni kaburi lililomtambua mwenyewe wake, sikumsomea. Kaka, Hamisi hakuteleza. Nilikuandikia uwongo. Nilimpiga mimi.

Nakuomba usiikunje barua. Soma mpaka mwisho.

Siku ile ya maziko kule Nanyamba ukoo wa Hamisi walifanya kazi yao ya utani kama kawaida. Walichimba kaburi, walichota maji, na wafiwa tulitukanwa tangu asubuhi mpaka watu wakacheka huku wanalia. Jeneza lilipotoka ndani, Hamisi akasimama mlangoni kalizuia, kavaa koti la baba, lile la kijivu, anachechemea na kukohoa kikohozi cha baba kabisa. Dada Somoe alijifunika uso kwa kanga kwa kucheka. Mimi sikucheka, na Hamisi akaniona.

"We Athumani!" akasema. "Miaka kumi na moja unapigana na mbu kule Ufukoni. Izraili kaja kwenu jana, umemfanya nini? Umemwinamia?"

Sikumbuki kuamua. Mkono ulikwenda wenyewe, tena ulikwenda vizuri, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Mtulinga wake ulivunjika. Niliusikia, kama unavyovunja kopa la muhogo.

Watani wakaweka majembe chini, wakamchukua mtu wao, wakaondoka. Baba tulimzika kimya, kaka, kama tumezika mtu wa kuokotwa njiani.

Wewe uliondoka kabla sijaanza huu mchezo wa karate, kwa hiyo nikueleze kidogo. Nilikuwa kuli bandarini. Kulikuwa na fundi wa meli, Mjapani, meli yao inakuja kila msimu kupakia korosho. Jioni alikuwa anafanya mazoezi peke yake ufukweni, mimi nikawa namwiga kwa nyuma. Siku ya tatu akaniita. Alinifundisha kuinama kwanza, halafu kukinga. Kila zoezi alilonipa linaanza kwa kukinga. Kiswahili alijua neno moja, "bado". Kila msimu akirudi ananitazama nafanya yote, anatikisa kichwa, "Bado." Mimi nilidhani anasemea mikono yangu.

Sikatai, mchezo ule ulinisaidia. Niliacha kunywa tembo. Niliacha kugombana na manahodha na makarani, na Mariamu mke wangu alisema nimekuwa mtu wa kukalika naye. Nikaanza kujiona. Kila alfajiri nikitoka kuswali nakwenda mchangani, nikirudi natembea kama mtu aliyemaliza kujirekebisha. Kumbe nilikuwa sijaguswa tu. Mtani alinigusa mara moja, tena kwa haki yake, tena kwa maneno ambayo baba mwenyewe angeyacheka. Tangu siku ile sijakwenda ufukweni. Naogopa huu mkono.

Sasa nikuambie kinachoninyima usingizi. Hamisi hatukani tena. Unakumbuka alivyokuwa akiingia kwa mama: "We bibi, bado hujafa? Ubwabwa wa matanga yako nimeungoja mpaka nimekonda!" Na mama anamrushia kata ya maji. Idi hii hakuja. Tukikutana sokoni, mkono wake bado umefungwa kitambaa shingoni, ananiambia, "Ndugu Athumani, habari za asubuhi?" Kama tuko kwenye mkutano wa chama! Ukoo wake wote ndivyo wanavyotusalimu sasa, kwa heshima. Afadhali wangenitia kisu.

Mama anauliza kila siku, "Hamisi kaja?" Namwambia yuko shamba. Juzi akanishika mkono, huu huu, akasema, "Mwanangu, usinidanganye. Nikifa nani atanitukana? Mtanizika kama mgeni?"

Jana nikaenda mwenyewe Nanyamba. Nilimkuta mkewe, Fatuma, anaokota korosho peke yake, nyingine zimeanza kuota chini. Nikainama nikaokota naye, hakunikataza. Hamisi alipotoka nikamwambia nimekuja anipige. Akanitazama sana. "Mimi si mpigaji, ndugu Athumani. Anayekosea mtani hajisemei. Mwite mkubwa wenu." Akaniletea kigoda nikae, na maji kwenye bilauri. Bilauri, kaka! Hamisi!

Baba hayupo, kwa hiyo mkubwa wetu ni wewe. Najua kazi ni ngumu kuiacha, na najua nimekuaibisha mara mbili, kwa mkono na kwa kalamu. Lakini mvua zikianza barabara ya Rufiji inafungwa, na mama sijui kama atasubiri ifunguliwe. Ikishindikana kwa gari, tafuta meli Dar es Salaam. Njoo uupeleke mdomo wako kwa Hamisi. Kuku wa kumwomba radhi nimeshamfunga, wazee nimewaambia.

Ila ukifika, usinitetee. Usiseme nilikuwa na uchungu wa msiba, wala kwamba Hamisi alizidisha. Sema nilivyofanya, mimi nitasimama nyuma yako mikono chini, anitukane mpaka achoke.

Somoe na Mariamu wanakusalimu sana. Mbusu shemeji Zainabu mikono kwa niaba yangu na wapakate watoto. Mwenyezi Mungu akufungulie njia, akushushe kwetu salama, umkute mama anapumua.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na kukuonea haya,
Athumani