Kibao cha Tatu Kimo Kikapuni

Tororo, Jumapili

Ouma mwanangu,

Nani alikutuma upige simu? Wewe niliyekusomesha kwa ng'ombe zangu mpaka ukawa mwalimu, unakwenda posta ya Busia, unasimama pale kama mtu mwenye akili, halafu unamwambia mtoto wako kwamba Tororo watu wanaingizwa kwenye magari hawarudi. Kwenye simu ya ofisi ya watu. Maneno hayo mimi siyasemi hata kisimani, nami sijasoma kupita darasa la pili.

Haya, hamjambo huko? Mkeo Nabwire mguu wake umepona, au bado anachechemea akitaka ahurumiwe? Mimi ni mzima. Meno yaliyobaki yananitosha. Huku chumvi hakuna, sabuni hakuna, sukari tunaisikia kwa jina tu. Nilikuja kumpikia mwanao Wandera kwa sababu siamini chakula cha mji huu, na sasa watu wake siwaamini pia. Barua hii anakuletea jirani yetu Taaka, aliyekuja kuuza dagaa. Usimwulize ameificha wapi.

Sasa nikuambie ulichofanya.

Kazi ya Wandera kwenye kampuni hii ya pamba ni kabati moja la chuma, refu kama mlango. Hilo ndilo linalogawa simu za ofisi zote. Ndani lina nafasi nyembamba nyembamba kama za kuwekea sahani, na humo anaingiza vibao vya laini. Kibao kimoja kinashika simu nane. Huzima umeme kwanza, akajifunga mkono kwa waya kwenye chuma cha kabati, ndipo anakishika kibao kwa pembeni, kama mtu anayeshika sahani ya moto, akakisukuma taratibu mpaka kilie ta. Nilimpelekea chakula nikamkuta hivyo, nikamwuliza nani amemfunga kama mbuzi. Akasema, "Nyanya, mwili wa mtu una umeme kidogo. Unaweza kuua kibao na wewe husikii kitu." Nimeona vingi vinavyoua hivyo.

Vibao ni vitatu. Viwili amekwisha kuviweka. Alipokuwa kwenye cha kwanza akaja bwana mmoja wa serikali, hana meza pale ofisini, hana kazi ninayoiona, lakini meneja akimwona husimama. Akamwambia Wandera apeleke laini moja stoo. Mwanao akapeleka, maana fundi akiambiwa weka, huweka, hajiulizi pamba inampigia nani simu. Siku ya kujaribu akainua mkono wa simu ya stoo, akamsikia meneja anaongea na mkewe habari ya chumvi. Neno kwa neno. Akaurudisha taratibu, akaja nyumbani akashindwa kula ugali wangu.

Na fundi wa umeme aliyepitisha nyaya mpaka huko stoo, Mpadhola mmoja wa Kisoko, mtu mpole, alimaliza kazi yake Jumatatu. Wakaja kumchukua kwa gari, wakasema wanampeleka kulipwa. Jumatano mkewe alikuja kutuuliza sisi yuko wapi.

Ndipo wewe ukapiga. Na simu ya nje, mpaka kibao cha tatu kiwekwe, inapita kwa meneja tu. Umeelewa sasa ulikuwa unaongea na nani?

Kesho yake yule bwana alimfuata Wandera kwenye kabati. Nilikuwepo, nimekaa sakafuni na kikapu changu, na watu hawa mwanamke mzee hawamhesabu.

"Fundi, mzee wako ana wasiwasi na sisi?"

"Hapana, bwana."

"Amesema kuna gari. Gari gani hilo?"

"Baba amezeeka. Anabeba maneno ya sokoni."

"Msalimie. Hicho kibao cha mwisho, Ijumaa nataka kiwe ndani. Ukimaliza tutakuja kukushukuru."

Alipotoka, Wandera akainama kukichukua kibao cha tatu akiweke hapo hapo. Nikamwambia, mtu ambaye kazi yake haijaisha bado anahitajika. Nikakichukua kibao hicho cha tatu, nikakifunga kwa kitambaa kikavu kama alivyonionyesha, bila kugusa ile shaba ya ukingoni, nikakiweka chini ya mihogo. Mlangoni yule bwana akanisimamisha.

"Mama, kikapuni mna nini?"

"Mihogo. Una njaa?"

"Ya wapi?"

"Ya ardhini."

Askari wake akacheka, naye akaona haya kumpekua bibi kizee kwa ajili ya mihogo. Wandera amewaambia kibao kilikuwa kibovu, kimerudishwa Kampala kubadilishwa. Uongo huo ni wake, nami nimemkemea. Lakini hautafika mbali. Ijumaa watauliza tena, na Kampala kuna simu.

Kwa hiyo sikiliza, na safari hii usiongeze neno lako.

Kwetu mzee hazikwi mpaka mjukuu mwenye jina lake atupe udongo wa kwanza. Hata hawa wanajua hilo, nao wana wazee. Juzi karani alifiwa na baba yake huko Molo, wakampa siku tatu, na bwana wa stoo mwenyewe akatoa rambirambi. Wataamini kwamba Wandera atarudi, maana kazi haijaisha na vyombo vyake vitabaki pale sakafuni. Vibaki. Bisibisi hununuliwa. Kibao nitakirudisha chini ya kabati asubuhi ya kuondoka, sisi si wezi. Nami nitatembea naye, mjane haachwi nyuma.

Alhamisi saa nne piga simu ile ile. Sema: "Mzee Wandera amefariki. Mama aje na mjukuu." Ulie kidogo, ukate. Sikufundishi uongo. Baba yako amefariki, tulimzika mimi na wewe. Siku tu ndiyo hutaitaja.

Wanaweza kutuma mtu kesho yake aje mpaka nyumbani, kwa hiyo wakute tumekwisha kuzika, wakute matanga. Nabwire awashe moto, aazime viti kanisani, wanawake wakae chini. Kaburi jipya usichimbe, nakukataza. Kaburi likiwa wazi bila mtu, litatafuta mtu.

Nisalimie dada yangu kipofu, mwambie simcheki tena kwa kuogopa redio. Msalimie katekista, na yule mkweo mwenye maneno mengi, lakini huyo usimwambie kitu mpaka tufike.

Ni mimi mama yako, mjane wa Wandera, ninayeogopa Mungu na hao wa stoo kidogo.

Choma karatasi hii. Kisha chukua jembe, nenda kwenye kaburi la baba yako uliloliachia majani mpaka magotini, lima pote, weka udongo mpya juu, uusawazishe vizuri. Fanya leo.